Strobu mpya, picha za chini ya maji zimejaa madoa meupe. Nifanyeje?

Nyota_Umoja:
Sasa wadau. Niko hapa Nairobi, nimepata kamera na kasha lake la kuzuia maji pamoja na strobu moja (taa ya mweko ya chini ya maji). Kupiga mbizi nilishajifunzia Diani, sasa Desemba nataka kushuka Watamu. Shida ni kwamba picha za strobu zinatoka na madoa meupe kila mahali, na samaki akiwa mbali kidogo anatoka bluu tu kama vile strobu haijawaka, na nimeiweka nguvu yote. Naomba setingi za kuanzia, halafu mnaonaje, ninunue ya pili?

LenziYaLangata:
Usinunue kitu bado. Hayo madoa ni chembechembe za mchanga na planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea) zilizo kati yako na samaki, strobu ikiwa karibu na lenzi inazimulika moja kwa moja, ni kama kuwasha taa kubwa kwenye ukungu wa Limuru, unaona ukungu badala ya barabara. Sogeza strobu mbali na lenzi, irudishe nyuma kidogo ya kioo cha kasha na uigeuze itazame nje kidogo, yaani samaki apigwe na ukingo wa mwanga sio katikati yake.

Na ya bluu, maji hula rangi nyekundu kwanza, ukifika mita 5 hivi imeshapungua sana, na mwanga wa strobu unasafiri kwenda na kurudi, kwa hiyo samaki aliye mita 2 mwanga wake umepita maji mita 4. Hakuna nguvu ya kushinda hiyo. Karibia! Chini ya mita 1, na ukiweza nusu yake ndio utaona wekundu wa pono na matumbawe ulivyo kweli.

Anza na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga). Piga kwanza maji matupu bila strobu hadi upende ile bluu, kisha washa strobu na ubadilishe nguvu yake peke yake. Bluu ikiwa nyeupe sana ongeza kasi ya shata ila kamera nyingi mwisho ni 1/200 au 1/250, ukipita hapo unapata mstari mweusi kwenye picha.

Mama_Kasa:
Nakubaliana na LenziYaLangata isipokuwa kwa strobu ya pili, kwa picha pana za matumbawe inasaidia sana kuondoa kivuli upande mmoja. Lakini kwa vitu vidogo moja inatosha, jifunze nayo kwanza.

Mazoezi fanya kwenye bwawa la kuogelea hapo Nairobi, zamisha kikombe chekundu upige ukibadilisha pembe na umbali. Maji ya bwawa ni safi kwa hiyo madoa hutayaona sana, lakini mkono utazoea vitufe. Kabla ya hapo zamisha kasha tupu likiwa na tishu ndani, ikitoka kavu ndio uweke kamera. Oringi, ule mpira wa mviringo unaoziba kasha, ipitishe kidole, unywele mmoja tu unaingiza maji, na grisi iwe kidogo sana. Ukitoka baharini loweka kasha kwenye maji yasiyo na chumvi mara moja kabla chumvi haijakauka.

Na tafadhali dada au kaka, jifunze kuelea vizuri kabla ya kubeba kamera. Matumbawe yakivunjwa na mapezi yako yatachukua miaka kukua tena, hakuna picha inayostahili hivyo.

Nyota_Umoja:
Shukran sana, nilikuwa nakaa mbali nikidhani namtisha samaki. Na Desemba maji ya Malindi yakoje, niunganishe huko pia?

Mvuvi_wa_South_B:
Mimi ni wa pwani, niko Nairobi kikazi tu. Malindi ningengoja. Mvua za vuli zikinyesha huko Nairobi na Ukambani tope lote linashuka na mto Athi, unakuwa Galana, kisha Sabaki unaomwaga kaskazini tu ya Malindi, na upepo wa kaskazi unalisukuma lile tope kusini kuelekea mji. Watamu iko mbali zaidi, ina nafuu. Ukiweza sogeza safari hadi Februari. Chagua siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, bamvua (yanapojaa na kupwa sana) inakuja na mkondo mkali unaopeperusha mchanga, na uingie maji yakiwa yanajaa kwa sababu yanaleta maji safi ya bahari kuu, yakipwa yanatoa tope la hori ya Mida hapo Watamu. Piga simu kwa wenye boti kabla ya kulipia nauli, uwaulize maji yanajaa saa ngapi siku hiyo.