Leso ya Nyanya kwa vimraba

Salim: [picha] Haya jamani, ile picha ya Idi pale Pembe za Ndovu, Mombasa, nimeigeuza ikawa kama gemu za zamani.

Ami Saidi: Ndiyo nini hii? Nyanyako amekuwa tofali?

Salim: 😂 Hizo ni pikseli, Ami. Naipunguza picha hadi vimraba 64 kwa 64, kisha naikuza bila kuilainisha. Rangi nimebakisha nne tu, zote kijani, kama Game Boy, ile gemu ya mkononi ya 1989. Skrini yake ilikuwa pikseli 160 kwa 144, basi.

Ami Saidi: Sisi yetu ilikuwa ya kaseti za njano. Ikigoma, waitoa, waipuliza, warudisha.

Zuhura: Mbona kwangu ina ukungu? Kama imeshikwa na mkono wa viazi karai.

Salim: Picha ikitumwa hapa kawaida hubanwa, na vimraba huingiliana rangi. Ngoja niitume kama faili ya PNG.

Salim: [faili]

Zuhura: Ahaa, sasa yaonekana. Lakini leso ya Nyanya imejaa nzi! Maua yako wapi?

Salim: Hapo ndipo programu iliponishinda. Maua yenyewe ni madogo kuliko mraba mmoja, ikawa yamwaga vidoti ovyo. Nipeni nusu saa.

Salim: [faili] Nimefuta nikapanga kwa mkono. Kila korosho ya pindo ni vimraba saba: sita tumbo, kimoja mkia. Jina la leso sikuthubutu, herufi moja tu yala vimraba vitano kwenda juu.

Ami Saidi: Nusu saa yako ndefu. Tumeshaswali Isha.

Zuhura: Niko na Nyanya, nimemuonyesha. Acheka huyo! Asema, "Si kudarizi huku? Vitambaa vya meza twali twahesabu nyuzi vivi hivi."

Zuhura: Tena asema pembe ni nne, mbona wewe umetia tatu?

Salim: Ya nne imefichwa na tuktuk, Nyanya 🙈

Zuhura: Hataki kusikia. Umchapishie kwenye karatasi kubwa, kila mraba auone bila miwani, adarizi mwenyewe. Na hicho kijani chako utoe, leso ilikuwa nyekundu.

Salim: Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kesho asubuhi, inshallah.

Ami Saidi: Na mimi unipunguze kitambi, nitadariziwa milele hivyo.

Salim: Ami, uso wako una vimraba vinne. Nikitoa kitambi, nani atakujua?