Baruapepe zinaingia kwenye simu, lakini ukurasa wa kivinjari haufunguki: naomba ushauri

Mwana_Bombo: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatunza seva ya baruapepe ya ofisi ndogo hapa Kampala, yenye Postfix (inayosafirisha barua) na Dovecot (inayompa msomaji barua zake), na wafanyakazi wengi husoma barua zao kwenye kivinjari katika ukurasa wa Roundcube, unaotolewa na nginx, programu ya kuhudumia kurasa za wavuti. Tangu umeme ulipokatika usiku wa Jumatano na seva ikawaka upya, ukurasa huo haufunguki, ingawa wenye simu wanapokea na kutuma barua kama kawaida. Nimeendesha amri ya "nginx -t" mara tatu, na kila mara inajibu kwamba usanidi hauna kosa. Sijabadilisha kitu chochote. Mkurugenzi anarudi Jumatatu kutoka Arua, naye hasomi barua kwenye simu. Je, nisakinishe mfumo wote upya?

Fundi_Jinja: Usisakinishe chochote. Simu hupitia poti, yaani milango ya mtandao yenye namba, 993 na 587, ambazo ni za Dovecot na Postfix, kwa hiyo barua zako ziko salama. Endesha "ss -tlnp" ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva, utuambie nani ameshika poti 80 na 443, ambazo ni za kurasa za wavuti.

Mama_Kasese: Mimi ninauliza kwa nini ofisi haina betri ya akiba. Sisi tuliunguza diski mbili kabla mhasibu hajakubali kununua, na hata hivyo alinunua ndogo ya dakika saba, ambazo zinatosha kuzima seva kwa heshima lakini hazitoshi kumaliza chai.

Mwana_Bombo: Poti 80 imeshikwa na apache2, yaani Apache, programu nyingine ya kuhudumia kurasa kama nginx. Poti 443 haina mtu.

Fundi_Jinja: Hiyo Apache imetoka wapi, ikiwa hukubadilisha kitu?

Mwana_Bombo: Niliisakinisha wiki mbili zilizopita. Sikuitaja kwa sababu siku ile ilikataa kuwaka, nikaiacha, na ukurasa wa barua uliendelea kufunguka. Shemeji yangu ana SACCO ya waendesha bodaboda, akaomba mahali pa kuweka daftari la michango, na amekwisha kunilipa nusu. Nafasi kwenye diski ilikuwepo, haimsaidii mtu. Sasa ninafikiria kuhamishia Roundcube kwenye poti 8080 na kuwaomba wafanyakazi waongeze namba hiyo kwenye anwani. Tangazo nimekwisha kuliandika.

Mzee_wa_Gulu: Kijana, fedha za watu unaziandikia kwenye mashine ya mwajiri bila yeye kujua? Hiyo nusu irudishe kabla hujagusa poti yoyote.

Shahidi_wa_Pili: Kisa hiki kimetungwa. Mwandishi anasema nginx imethibitisha kwamba usanidi ni sahihi, kisha anasema poti imeshikwa. Tena, ikiwa Apache imeshika 80 peke yake, 443 imekufaje? Hili ni swali la mtihani. Mtu anayemsubiri mkurugenzi haandiki sentensi ndefu namna hii.

Mwana_Bombo: Laiti ungekuwa mtihani. Nilifundisha Kiswahili kabla ya kushika kompyuta, na mazoea hayaachi.

Fundi_Jinja: Kisa kinasimama. Amri ya "nginx -t" hukagua maandishi ya faili na hailalamiki poti ikiwa imeshikwa. Lakini nginx inapowashwa kweli ikakosa poti moja, hujaribu mara chache kisha hujizima kabisa, ndiyo maana 443 imebaki tupu. Siku uliposakinisha Apache, nginx ilikuwa imekwisha kukalia 80, hivyo Apache ikashindwa, ila ilibaki kwenye orodha ya huduma zinazojiwasha seva inapowaka. Umeme uliporudi, zote mbili zilikimbilia kiti kimoja, mgeni akawahi. Tangazo lako lichane, kwa sababu mitandao mingine huzuia 8080 na watu watakusumbua mwaka mzima. Endesha "systemctl disable --now apache2", ili Apache izimike na isijiwashe tena, kisha "systemctl start nginx" ili nginx iwake.

Mwana_Bombo: Na nikibadilisha "Listen 80" iwe "Listen 127.0.0.1:8080" katika ports.conf, faili la poti za Apache, ili isikike ndani ya seva tu, nginx ikaipelekea Apache wageni wa shemeji kwa jina la tovuti yao?

Fundi_Jinja: Itafanya kazi, ukirekebisha na faili la tovuti yenyewe. Ruhusa ya mkurugenzi haimo katika ports.conf.

Mwana_Bombo: Ukurasa umefunguka saa nne na dakika kumi. Apache nimeizima, sijaiondoa. Shemeji amepiga simu mara mbili, sijapokea.