Gofu viwanja vya umma, Jersey City hadi Long Island: wapi mfuko utapona?

Mlikoni_JC
Wakuu, salaam aleikum. Theluji imeyeyuka, nyasi zinaota, na bei nazo zimeota. Naishi Jersey City, nacheza kwa kujifurahisha tu, handikapu yangu, ile namba ya kupimia uwezo wa mchezaji, ni siri yangu na Mola. Msimu huu wa 2025 nataka kuamua mapema nitacheza wapi, maana nimechoka kukodolea simu macho kila Ijumaa usiku nikisaka nafasi ya muda wa kuanza kucheza. Liberty National iko hapa hapa mjini kwangu, lakini ile ni ya watu wanaoshuka kwa boti na helikopta, tuiache. Naongelea viwanja vya umma.

Nimebaki na vinne. Kuna Skyway, mashimo tisa, mali ya Kaunti ya Hudson, chini ya lile daraja refu la Pulaski. Kuna Weequahic kule Newark, mashimo 18, Kaunti ya Essex. Kuna Van Cortlandt, Bronx. Na kuna Bethpage, Long Island, ambako kila mtu anataka kupigwa picha kando ya kile kibao kinachoonya kwamba uwanja wa Black ni mgumu sana.

Nikiangalia ada tupu napata jibu moja. Nikijumlisha daraja, mafuta, kigari cha kuzungukia uwanjani na chakula napata jibu jingine kabisa. Nyie mnapigaje hesabu zenu?

Kibarua_wa_Newark
Kaka Mlikoni, kabla hujaangalia uwanja, angalia kitambulisho chako. Viwanja ni vya umma, ila umma wenyewe una mipaka. Kwa anwani ya Hudson, Skyway wewe ni mwenyeji na Weequahic ni mgeni. Mimi wa Essex mambo yangu ni kinyume. Ulizia kadi ya mkazi: unailipia mara moja kwa msimu, halafu inakupunguzia ada kila ukicheza. Wenzetu wengi hawaichukui wakidhani ni ya raia peke yao. Wanachotaka ni uthibitisho wa mahali unapoishi, basi. Nawajua watu wanaolipa bei ya mgeni uwanja ambao kodi zao za nyumba zinautunza.

Weequahic naupenda. Ulifunguliwa 1913, ndio uwanja wa umma mkongwe kuliko yote New Jersey. Una vilima vya kukutoa jasho, na ni nadra mpira wako kutua mahali tambarare. Wewe kama mgeni wa kaunti, usiende Jumamosi asubuhi. Nenda alasiri, bei ya jioni inapoanza, na ukubali kwamba siku nyingine giza litakukuta shimo la kumi na tano.

Mzee_Kitale
Nakaa Long Island miaka mingi, wacha niseme la Bethpage kwa kirefu, maana linasemwa vibaya.

Kwanza, pale kuna viwanja vitano: Black, Red, Blue, Green na Yellow. Vijana wakisema Bethpage wana maana ya Black tu. Mwaka 2002, mashindano makubwa ya US Open yalipochezwa pale mara ya kwanza na Tiger Woods akashinda, mkazi wa New York alikuwa akilipa dola 31 siku ya kazi. Baadaye ikakaa miaka kwenye 65, na 75 wikendi, kisha ikaanza kupanda tena. Hapo ni mkazi wa jimbo. Mtu wa nje desturi yake ni kulipa maradufu, na wewe wa Jersey City, hata kama unaiona Manhattan ukiwa sebuleni, ni mtu wa nje. Vilevile wenye leseni ya udereva ya New York wanafunguliwa kuweka nafasi siku kadhaa kabla yako. Ukifika zamu yako unakuta makombo.

Pili, kuna ile habari ya kulala kwenye gari. Ni kweli, zipo nafasi za alfajiri zinazotolewa kwa waliopanga foleni pale maegeshoni usiku. Nimewahi kulala. Kuna watu wanachoma nyama, wanacheza karata, wazee kwa vijana, na ni raha kwa wenye mgongo mzima. Lakini kiingie kwenye hesabu yako kama gharama: usiku wa familia umeutoa, na kesho yake unatembea mashimo 18 ukiwa hujalala. Black hakuna kigari, kila mtu anatembea. Hapo angalau kigari hakikulii pesa.

Tatu, Septemba hii ya 2025 Ryder Cup, mashindano ya timu za Marekani na Ulaya, inachezwa pale, kwa hiyo Black itafungwa kwa muda, na mipango ya viwanja vingine itavurugika pia. Ukitaka Bethpage, nenda Mei, cheza Red. Ni kazi ya Tillinghast, mchoraji wa viwanja, vilevile, ni mgumu wa kutosha, na ada yake ni nafuu kuliko ya Black. Hakuna atakayekuuliza picha.

Mlikoni_JC
Mzee shikamoo, na ahsante. Hiyo ya Red sikuwa nayo kabisa kwenye hesabu. Je, barabarani?

Mzee_Kitale
Marahaba. Ukipita Goethals kisha Verrazzano unalipia madaraja mawili. Kuingia New York peke yake mwaka huu wa 2025 ni dola 14.06 kwa E-ZPass, kile kifaa cha kulipia tozo garini, saa za kawaida, 16.06 saa za msongamano. Ukikosea ukapita katikati ya Manhattan kuna ile tozo mpya ya msongamano pia. Jazeni gari watu wanne mgawane. Peke yako ni hasara.

Dada_Chumvi
Mimi gari sina na sitaki. Hapo ndipo Van Cortlandt inawashinda wote. Mwaka huu wa 2025 PATH, treni ya kutoka New Jersey hadi Manhattan, ni dola 3, sabwei ya New York 2.90, treni namba 1 mpaka kituo cha mwisho, mtaa wa 242, unashuka na mkoba wako begani unatembea kidogo umefika. Ndio uwanja wa umma wa kwanza Marekani, tangu 1895. Watu wanakutazama kwenye treni, na wewe unawatazama pia.

Siri yangu ni mkoba mwepesi, fimbo saba, mipira michache. Na kitoroli cha kusukuma kwa siku zenye gari la rafiki. Kigari cha umeme ndicho kinachowamaliza wengi: unaona ada ni nafuu, unafika dirishani unaongezewa kigari, na viwanja vingine wikendi asubuhi vinakulazimisha ukichukue. Soma maandishi madogo kabla ya kubonyeza.

Halafu msihadaike na neno umma. Ferry Point kule kule Bronx ni ardhi ya jiji, jiji lilitumia takriban dola milioni 127 kuujenga, na ulipofunguliwa 2015 mkazi wa New York alianza kwa zaidi ya dola 140 siku ya kazi. Kodi yangu imo mle. Mimi simo.

Fundi_wa_Nyasi
Ninafanya kazi ya kutunza nyasi kwenye uwanja mmoja wa kaunti, sitautaja. Nawasikia mnavyolalamika, sasa sikieni upande wa banda la mashine.

Mwanzoni mwa 2019 mshahara wa chini New Jersey ulikuwa dola 8.85 kwa saa. Mwaka huu wa 2025 ni 15.49. Mimi binafsi nashukuru, na sidhani hapa kuna mtu anayetaka nirudi kwenye nane. Uwanja hauna kazi ya kuahirisha: grini, yale maeneo ya nyasi fupi yenye shimo, zinakatwa alfajiri kila siku, mashimo yanahamishwa, mchanga unasawazishwa. Mbolea ilipaa 2021 na 2022 gesi asilia ilipopanda na vita vya Ukraine vilipoanza. Mashine ya kukatia grini bei yake ni ya gari jipya. Mabomba ya maji ya viwanja vingi yalizikwa zamani sana, na yakipasuka yanapasuka Julai.

Kubwa zaidi ni nyinyi wenyewe. Kabla ya korona watu walikuwa wanaukimbia mchezo huu, na kwa zaidi ya miaka kumi Marekani ilifunga viwanja vingi kuliko ilivyofungua. Korona ikaja, kila mtu akataka mahali pa wazi. Mwaka 2024 raundi zilizochezwa nchini zilifika milioni 545, rekodi. Watu wengi, viwanja vichache, nyasi haipati hata nafasi ya kupumua. Na viwanja vingi vya kaunti na miji vinatakiwa vijilipie vyenyewe, havichoti kwenye fungu la shule au zimamoto. Sasa pesa itoke wapi kama si kwenye ada?

Tarakilishi_Moja
Fundi, kazi yako naiheshimu. Lakini mbolea haipandi bei Jumamosi saa moja asubuhi ikashuka Jumatatu saa nane mchana. Sehemu ya bei tunayolipa siku hizi inapangwa na kompyuta inayoangalia mahitaji, kama nauli za ndege. Kuna uwanja nilikuwa natazama nafasi ile ile, shimo lile lile la kwanza, ikapanda nikiwa bado namuuliza mwenzangu kama yuko huru. Nyasi hazikubadilika katika dakika zile.

Na kuna madalali. Los Angeles mwaka 2024 ilibidi jiji liweke amana ya dola 10 kwa kila mchezaji, isiyorudishwa, kwa sababu watu walikuwa wananyakua nafasi za viwanja vya jiji zikifunguliwa tu na kuziuza upya kwenye vikundi vya simu. Mwananchi wa kawaida akiamka kuangalia, zimekwisha. Hiyo nayo ni gharama, ila haipo kwenye kibao cha bei.

Ushauri wangu kwa Mlikoni: usiwinde nafasi siku zinapofunguliwa. Winda muda ule wa mwisho wa kughairi bila faini, mara nyingi siku moja au mbili kabla. Watu wanaachia kwa wingi mvua ikitabiriwa. Nusu ya mvua hizo hazinyeshi.

Fundi_wa_Nyasi
Kompyuta sikuileta mimi, ndugu yangu. Hata mimi nikitaka kucheza kwingine nalipa bei hiyo hiyo. Ila ukifuta bei ya Jumamosi, ya Jumatatu itapanda ifidie. Mzee mstaafu anayecheza Jumatatu utamwambia nini?

Tarakilishi_Moja
Nitamwambia aombe bei ya wazee, ipo karibu kila kaunti. Sisemi wafute. Nasema waweke ukomo, na mkazi asiguswe na kompyuta.

Nairobi_Kusini
Mnalia mkiwa mmeshiba. Huku Kenya viwanja karibu vyote ni vya klabu: ada ya kujiunga, ada ya mwaka, mdhamini, mahojiano, halafu ndiyo ukumbuke kununua fimbo. Ukija kama mgeni unalipa ya mgeni. Mtu asiye na klabu kimbilio lake Nairobi ni pale Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, unalipa unacheza unaenda zako. Lakini kuna kitu kimoja nyie hamna: kedi. Unamlipa, ndio, na inaongeza gharama ya siku, ila anakubebea, anakutafutia mpira, na anakwambia ukweli kuhusu mkono wako. Nikija huko mnitembeze Skyway, hilo daraja nimelionea kwenye picha tu.

Mkimbizi_wa_Baridi
Niko Edinburgh. Old Course ya St Andrews, ambayo watu husahau kwamba ni uwanja wa umma, mwaka huu wa 2025 msimu wa juu ni pauni 340, na Jumapili unafungwa watu watembeze mbwa. Wakazi wa mji wana tiketi yao ya mwaka, hadithi ile ile ya kitambulisho. Ila hapa mjini kuna Bruntsfield Links, mashimo mafupi mafupi, bure kabisa, unakuja na fimbo zako. Kila mji ungekuwa na kimoja hivi nisingekuwa na neno.

Mlikoni_JC
Nimewasoma wote. Naelekea hivi: kadi ya mkazi ya Hudson na Skyway jioni za katikati ya wiki, kwa miguu. Mashimo tisa nikitoka kazini yananitosha, na sipotezi siku nzima. Van Cortlandt kwa treni nikitaka 18, Dada Chumvi umenishawishi. Weequahic nikialikwa na mwenyeji. Bethpage Red mara moja, gari likiwa limejaa. Black nauacha hadi siku nikihamia New York, yaani siioni karibu.

Nimebaki na swali moja: kijana wangu ana miaka kumi na mbili na ameanza kunifuata. Naye nimlipie bei ya mtu mzima?

Dada_Chumvi
Usithubutu. Mwandikishe Youth on Course, mpango wa gofu ya vijana, ada ya uanachama ni ndogo, halafu kwenye viwanja vilivyomo anacheza kwa dola 5 au chini. Kwanza angalia vipi vya karibu vimo na saa zao, vingi havimruhusu mtoto wikendi asubuhi. Na usimnunulie fimbo mpya, mwaka mmoja tu zitakuwa fupi. Za mwanangu zimeshakuwa fupi kwake, ziko stoo.

Kibarua_wa_Newark
Kuhusu mwenyeji wa Essex, si nipo? Jumapili hii alasiri tuko watatu, nafasi ya nne wazi. Mgeni wa kaunti utalipa ya mgeni, hilo silitatui, lakini mihogo na chai mwisho wa mchezo juu yangu. Njoo na kijana atembee nasi kama pale dirishani watamruhusu, nitawapigia kesho niulize.