Trekta la kijivu la babu, ni modeli gani na naanzia wapi?

mjukuu_mpwapwa:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna trekta dogo la babu liko Mpwapwa chini ya mkwaju, limekaa hapo toka niko darasa la pili, kiti chake cha bati kuku wanatagia. Ni la kijivu, boneti limeandikwa Ferguson ila herufi zimefutika nusu. Kinachonichanganya sioni batani ya kuwashia, halafu kwenye gia kuna 1 mpaka 4, R, na S ambayo sijui ni ya nini. Watu wa vyuma chakavu washakuja mara mbili bibi kawatimua. Nataka nilifufue, rangi nishanunua. Mjomba anasema lilitoka mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa enzi za Waingereza, kweli?

fundi_kibaigwa:
Hiyo TE20 hiyo, zilitengenezwa Coventry Uingereza 1946 mpaka 1956. S ni stata mkuu, unafungua swichi, unasukuma gia kwenye S ndo linazunguka, kwa hiyo huwezi kuliwasha likiwa kwenye gia ukajigonga na ukuta. Rangi weka stoo kwanza, vijana mna haraka na rangi. Tafuta kibati cha namba kwenye dashibodi, futa na dizeli usikwangue, tuambie herufi.

Mgogo_Halisi:
Kila chuma cha zamani huku kwetu ni cha karanga 😂 hata kinu cha jirani. Angalia herufi: TEF ni ya dizeli, ilianza kutoka 1951, mwaka uleule mradi ulifungwa, kwa hiyo ikiwa TEF mjomba kakupiga kamba.

mjukuu_mpwapwa:
Nimefuta, ni TED.

fundi_kibaigwa:
Basi ni ya mafuta ya taa, unawasha na petroli kidogo injini ikichemka unahamia kwenye mafuta ya taa, tangi limegawanywa ndani kwa ajili hiyo. TED zilianza 1949 kwa hiyo mjomba anaweza kuwa sahihi, ila herufi peke yake sio ushahidi. Sasa usilivute na trekta lingine hata kidogo, kama pistoni zimeshika utapinda kitu. Toa plagi zote nne, mimina dizeli na oili ya gia otomatiki nusu kwa nusu kwenye kila silinda, acha wiki nzima. Halafu nyanyua nyuma, weka gia ya nne, tikisa matairi mbele nyuma taratibu. Na fungua oili ya gia uone, gia, haidroliki na difu vinatumia oili moja, ikitoka nyeupe kama maziwa maji yaliingia.

mjukuu_mpwapwa:
Plagi tatu zimetoka, ya nne imekatikia humohumo.

fundi_kibaigwa:
Acha hapo hapo, usichokonoe na patasi! Mwagia dizeli ilale, kesho piga picha ya karibu uweke hapa.

mjukuu_mpwapwa:
Sawa mkuu. Patasi nilikuwa nishaishika.