Naomba ushauri: mdogo wangu anaenda Congo kulinda amani

Habari za leo wakuu. Mdogo wangu ni askari, kapangwa kwenda Kivu Kaskazini. Mama mwenyewe ameipiga pasi sare ya mdogo wangu mara mbili, akaikunja, hakusema neno.

Sipingi aende, ndiyo kazi aliyoiapia. Kinachoninyima usingizi ni Semuliki, huko huko Kivu Kaskazini, Desemba 7, 2017. Kambi ya walinda amani wa Tanzania ilivamiwa jioni, mapigano yakaendelea kwa saa nyingi, na majeneza 14 yakaletwa Dar. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa 2018 ulisema wazi kuwa hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea askari wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa. Ulitaja pia kasoro za uongozi, upungufu wa ndege na wa taarifa za kiintelijensia. Kufa vitani naelewa. Kufa ukisubiri msaada usiopangwa, hapana, hilo siliiti ajali ya kazi.

Waliowahi kwenda misheni, au ndugu wa marehemu: familia inaruhusiwa kuuliza nini kabla hajaondoka, na kwa nani? Likitokea la kutokea, tunadai vipi ripoti ya uchunguzi, mbali na fidia? Na je, nimuulize yeye mwenyewe, au nitamvunja moyo?