Nimhamishe mtoto skuli au nimwache hapa hapa Fuoni?

MamaSumi
Assalaam alaykum. Jamani wazee wenzangu naombeni ushauri maana humu ndani hatuelewani. Nna binti yupo la nne, skuli ya serikali ya hapa hapa mtaani Fuoni, Unguja, anakwenda kwa miguu na wenziwe. Skuli ina mikondo miwili na mwaka huu anaingia mchana, darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini na buku lake la hesabu ukilifungua kazi hazijasahihishwa. Sasa baba yake keshaziona hizi skuli mpya za ghorofa, kuna moja ipo upande wa Mjini karibu na kazini kwake, anasema mwezi wa kwanza tumhamishe, asubuhi atampakia kwenye vespa. Haya kwenda kapakiwa, kurudi je? Baba mtu anatoka kazini alasiri, mtoto wa la nne apande daladala peke yake? Na chuo cha Qur-ani sasa hivi anakwenda asubuhi, ustadhi wake anamsifu, kesha maliza Juzuu Amma. Nyie mngefanyaje?

baba_kassim
Waalaykum salaam. Hamisha dada, usijiulize mara mbili. Darasa la kukaa chini halina mjadala.

Ummu Rayyan
Mie nlihamisha wangu wawili kwenda ghorofa, sitaji wapi. Mwaka wa kwanza raha tupu, wote asubuhi, meza na viti vipya, vyoo safi, nkawa namwambia kila mtu. Sasa nyote mlokua mnanisikia mkahamisha na nyie 😂 mwaka uliofata madarasa yamejaa na wadogo wakarudishwa mchana. Sijuti lakini ukimhamisha kwa ajili ya nafasi tu ujue nafasi haikai.

teacher_wa_hesabu
Bi MamaSumi mie nasomesha skuli ya serikali naomba nseme kidogo. Baadhi ya hizo ghorofa zimekuja na zile fedha za Uviko, za korona, na ni jambo la kushukuru, ila ghorofa haisomeshi. Nenda siku ya kazi ya kawaida, sio siku ya mkutano wa wazee maana siku hiyo kila kitu kinang'ara, simama nje saa nne za asubuhi uangalie madarasa mangapi yapo bila mwalimu. Halafu muulize mwalimu mkuu nani anasomesha hesabu na sayansi la tano. Hili nalitilia mkazo kwa sababu tokea sera ya elimu ya 2006 hesabu na sayansi kuanzia la tano ziliwekwa kwa Kiingereza, na hapo ndo watoto wengi wanapopotea, mtoto alokua anajua kugawanya vizuri tu unamkuta anashindwa kwa sababu suali lenyewe hajalielewa. Kwahiyo ikiwa ni kuhama basi ahame sasa aanze la tano na wenziwe, msije mkangoja la sita mwaka wa mtihani na hamu ya michipuo, zile skuli za waliofaulu vizuri, juu yake, mwaka huo nawaomba wazee msiwaguse watoto. Jengine, mikondo mara nyingi inazunguka. Ushauliza mwakani la tano wanaingia saa ngapi? Pengine anarudi asubuhi hapo hapo ulipo.

MamaSumi
Sijauliza wallahi. Nimeshughulika kubishana na baba yake tu.

Mtu_wa_Wete
Nyie wa Mjini mna raha, mnachagua skuli kama mnachagua samaki sokoni. Huku kwetu Pemba unakwenda ilipo basi. Ila nakuunga mkono kwenye suala la kurudi, mtoto wa kike mdogo hiyo daladala ya mchana anasukumwa na watu wazima, konda mwenyewe mwanafunzi hamtaki kwa sababu ya nauli yake. Msimu wa masika ndo usiseme.

baba_kassim
@Mtu_wa_Wete gari za wanafunzi za kukodi kwa mwezi zipo, wazee wanachangiana. Elimu bure tokea 1964 ila usafiri juu yako 😅

Ummu Rayyan
Hiyo gari ya mwezi uipigie hesabu kwanza dada. Mie ilinizidi nguo za skuli na mabuku ya mwaka mzima. Na chuo tafuta cha jioni mapema, vinajaa, na usimuhamishe ustadhi na skuli wiki moja, wangu alichanganyikiwa akawa hataki kote kuwili.

teacher_wa_hesabu
Na kuhusu buku, nenda kamuone mwalimu wa darasa kwa upole tu. Darasa la watoto wote hao hawezi kusahihisha kila siku, lakini akikujua kwa sura mtoto wako anaangaliwa, ndo ukweli japo haupendezi. Mkiamua kuhama, uhamisho unaanzia kwa mwalimu mkuu wenu, na kwa vile mnatoka wilaya ya Magharibi B mnaingia wilaya ya Mjini pita na kwa afisa elimu wa wilaya usikie, msingoje skuli zifunguliwe.

MamaSumi
Shukran sana mwalimu na nyote. Jumatatu nakwenda kuuliza mkondo wa la tano, wakinambia asubuhi simtoi. Wakinambia mchana basi baba yake aje na jawabu la nani atamrudisha, na mie ntapakia vespa hiyo hiyo nkaione hiyo ghorofa saa nne.

baba_kassim
Saa nne na baba yake kazini, utapakiwa na nani? 😂