Ushauri wakuu: mwalimu wa cheti visiwani, niombe ruhusa niende diploma chuoni au nisome Chuo Kikuu Huria huku nafundisha?

MwlWaKisiwani

Habari za jioni wakuu, na walimu wenzangu poleni na majukumu.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, ajira ya serikali, nina cheti (Daraja la IIIA), nipo kwenye kimojawapo cha visiwa vidogo huku Ukerewe. Nilianza na TGTS B (ngazi za mshahara wa walimu) sa hivi niko C, kazini nilishathibitishwa siku nyingi. Elimu yangu ni fomu foo afu ualimu, advansi sikupita.

Nataka kujiendeleza. Mshahara upo kwenye hesabu siwezi kuficha, nina watoto wanasoma, ila kinachonisukuma zaidi ni darasani. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 la tatu walikuwa kati ya madarasa ya mwanzo kuingia, na mi ndo nafundisha la tatu, unakuta mtaala unataka mtoto atende mwenyewe, aonyeshe umahiri, na darasa lina watoto wamebanana mpaka dirishani. Natamani nijue hii kazi vizuri zaidi kuliko ninavyoijua.

Sasa nauliza. Niombe ruhusa ya masomo niende chuo cha ualimu nikae, au nichukue Huria pale Mwanza niendelee kufundisha? Kutoka huku ni mtumbwi wa injini mpaka Nansio afu meli mpaka mjini, ziwa likichafuka unalala njiani. Na la pili, hizi semina za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) tunazofanya shuleni zinahesabika popote kwenye kupanda daraja au la? Kuna wenzangu wanasema tunapoteza muda. Naombeni ushauri wa mtu aliyepita huko, natanguliza shukrani.

Kapripoint_Kijana

Huria ticha. Usiache darasa, usiache mshahara, mitihani unafanyia kituo cha Mwanza. Kikubwa uwe na nidhamu ya kujisomea maana hakuna wa kukusukuma.

MwalimuJembe

Kabla ya kuchagua chuo mwalimu, anza na BARUA. Hapa ndo wengi wanaumia. Andika kwa Mkurugenzi, ipitie kwa mwalimu mkuu wako, afisa elimu kata, afisa elimu msingi, na uombe jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa usiiache ofisini, kaa nayo.

Nina mwenzangu tulisoma naye, halmashauri moja ya huku kanda ya ziwa, alipata chuo akaambiwa kwa mdomo "nenda tu mwalimu barua itakukuta huko", akaenda. Akabadilishwa aliyemwambia, akaja mwingine, jina likasomeka mtoro. Kumbuka kwenye utumishi wa umma kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, haijalishi ulikuwa disko au ulikuwa darasani unasoma. Alihangaika sana yule bwana kujinasua, na watoto wake walirudishwa nyumbani ada katika kipindi hicho.

Hata ukisoma Huria andika barua. Utahitaji siku za mitihani, utahitaji mazoezi ya kufundisha, na siku unataka kubadilishiwa muundo, yaani uwekwe kwenye ngazi za elimu yako mpya, swali la kwanza utakaloulizwa ni nani alikuruhusu kusoma.

Sengerema_Damu

Naongezea kwa Jembe hapo juu. Ticha elewa hesabu ya madaraja vizuri usije ukakata tamaa baadae. Mwenye cheti anaanzia TGTS B, diploma C, digrii D. We tayari upo C. Maana yake ukimaliza diploma ukabadilishiwa muundo unaingizwa ngazi ya kuanzia ya diploma, ambayo ni C, kwa hiyo siku hiyo mfukoni usitegemee mabadiliko. Faida ya diploma kwako ni mbili, ukomo wako wa kupanda unasogea juu na mlango wa digrii unafunguka, na digrii ndo itakutoa C kukuweka D.

Ndo maana nakwambia nenda SASA HIVI ukiwa C. Ukisubiri upande mpaka D au E na cheti chako afu ndo usome, utakuta mshahara unabaki nao kama mshahara binafsi ila ngazi inashuka na hesabu ya kupanda inaanza upya, kuna watu wazima nawafahamu wamekaa miaka na digrii zao kabatini wanaogopa kuzipeleka.

Mi nasoma Huria digrii, nafundisha upande wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 naingia Mwanza na kurudi siku hiyohiyo, zamani foleni ya kivuko ilikuwa inakula nusu siku. We wa kisiwani bado utateseka na maji, ndo kitu cha kuweka kwenye hesabu yako.

Ngosha_wa_Magu

Mwangaluka wote. Kuhusu MEWAKA nikuambie ukweli mkuu, haikupandishi popote. Tunakaa baada ya vipindi tumechoka, moduli ziko kwenye mfumo wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) unatakiwa uingie na simu yako na bando lako, huku kwetu mtandao wenyewe mpaka upande mwambani. Posho hakuna. Mimi ningekuwa wewe nguvu zangu zote ningepeleka kwenye karatasi, karatasi ndo inasomeka Utumishi.

Mama_Nyakato

Mwanangu mwenye uzi, na wewe Ngosha. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha msingi hapa Mwanza karibu maisha yangu yote ya kazi, naomba mnisikilize.

Ni kweli MEWAKA haikubadilishii muundo. Daraja linaenda kwa muundo wa utumishi, muda, utendaji wako unaosomeka PEPMIS siku hizi (mfumo wa serikali wa kupima utendaji), na bajeti. Na Ngosha kuhusu bando na uchovu unasema kweli tupu, mwalimu kujilipia intaneti ya mafunzo ya mwajiri sio haki na inatakiwa isemwe kwenye vikao vyote. Lakini mtoa mada ametuambia kinachomsukuma ni darasani. Kwa hiyo tusimjibu kama mtu aliyeuliza mshahara peke yake.

Miaka yangu ya mwisho kazini hii MEWAKA ndo ilikuwa imeingia, kiunzi chake ni cha 2020. Jumuiya ya kujifunza pale shuleni kwetu tulikuwa na tatizo moja, watoto wa la nne ukiwauliza robo na theluthi ipi kubwa wanajibu robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Kila mwaka hivyohivyo. Tukakaa, tukaandaa somo moja kwa pamoja, mwalimu kijana mmoja akaingia kufundisha sisi wengine tumekaa nyuma tunaangalia WATOTO, sio tunamwangalia yeye. Akaja na miche miwili ya sabuni ya kufulia inayolingana na uzi wa kushonea. Mmoja akaukata vipande vitatu sawa mbele yao, mwingine vinne. Akamwita binti mmoja ambaye nyumbani kwao wanauza sabuni ya vipande, akamuuliza, mteja akikupa hela ileile utampa kipande cha mche upi ili usipate hasara? Yule mtoto hata hakufikiri, akaokota cha robo, akasema "hiki kidogo, mama angenigombeza nikitoa kile". Darasa zima likaelewa hapo. Afu tukarudi kukaa tukaongea, mmoja wetu akaona watoto wa nyuma hawakuona mche vizuri, kesho yake mkondo wa pili akafundisha mwingine, wakakaa duara.

Hicho kitu sijawahi kukipata chuoni, na nimesoma vyuo. Cheti chake hakuna, ila la nne wale swali la sehemu hawakulikosa tena. Kwa hiyo mwanangu soma diploma, barua uandike kama alivyosema Jembe, lakini jumuiya yenu hapo shuleni usiiache ife. Kama simu inasumbua, mmoja akienda Nansio ashushe moduli mje mtumie wote.

MwlWaKisiwani

Shikamoo mama Nyakato. Nimesoma hili jibu lako nikarudia, sabuni naenda kuijaribu wiki hii hii. Wakuu wengine asanteni sana, suala la kuwa niko C na diploma inaanzia C sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

Sasa naombeni mnisaidie hapa, je kuna njia ya kuruka diploma nikaenda digrii moja kwa moja? Na kuna mtu kaniambia nikasome ADEM (chuo cha uongozi wa elimu) pale Mwanza diploma ya uongozi wa elimu maana ni fupi na inakupa ualimu mkuu.

Mama_Nyakato

Marahaba mwanangu. Uzi wa kushonea uwe imara na sabuni iwe bado mbichi kidogo, ikikauka inavunjika vipande havitoki sawa na somo linaharibika.

Sengerema_Damu

Kwa mtu wa fomu foo na cheti njia iliyonyooka ni diploma kwanza. Digrii kwa mwenye diploma ya ualimu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka wastani wa B, diploma nyingine GPA 3.0, pamoja na masomo manne ya kidato cha nne kuanzia D. Kwa hiyo diploma yako usiisome ya kupita tu, ukitoka na wastani wa C mlango wa mbele umejifungia mwenyewe.

ADEM ni chuo kizuri na ni cha serikali, makao yake Bagamoyo na hapa Mwanza wana kampasi, wanafundisha uongozi na uthibiti ubora wa shule. Ila ile ni ya kiongozi. Wewe umesema unataka kufundisha vizuri zaidi, chukua ya ualimu kwanza, uongozi utaukuta.

MwalimuJembe

Na mwalimu usije ukadanganyika na kozi za nje ya ualimu kwa sababu ni rahisi. Wapo walimu wamesoma maendeleo ya jamii, wengine rasilimali watu, wamerudi na digrii halali kabisa ila muundo wa walimu hauitambui, wako palepale. Na ukifika digrii hakikisha ni ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia, ukipata Hisabati na Fizikia au Kemia hutajuta, shule zinawalilia.

Kuhusu chuo, kabla hujawaza chuo cha ualimu Butimba pale Mwanza kwa kuwa ni jina kubwa, ulizia kwanza chuo cha Murutunguru, si kipo hapohapo Ukerewe? Nenda ofisini kwao uulize utaratibu wa mwalimu aliyeko kazini. Utabaki karibu na familia na utaepuka hizo meli.

Ngosha_wa_Magu

Mama Nyakato nimekuelewa, kwenye hilo la watoto sikupingi. Mi hasira zangu ni za bando na bado ninazo. Ticha barua ukiandika ambatanisha nakala ya cheti chako, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya mwisho ya kupanda daraja, wakikosa kimoja wanairudisha na kwa wewe wa kisiwani kurudishwa ni nauli nyingine. Andika na namba ya simu inayopatikana.

MwlWaKisiwani

Ijumaa mwalimu mkuu anarudi toka kikao cha kata, nampelekea barua mkononi. Murutunguru naenda wiki inayofuata ziwa likiwa limetulia, nitakachoambiwa nitakuja kukiweka hapa maana najua kuna wengine visiwani wana swali kama langu.